UZI: Banda moja, ugonjwa mmoja, wengine wanakufa wengine wanapona. Tuzungumze jeni za kinga za ndege na reptilia

#1 Mchimba Jeni

Wakuu, salaam.

Uzi huu umenikaa kifuani muda mrefu, na ulianzia bandani kwangu. Nilikuwa na vifaranga 60, umri mmoja, chakula kimoja, maji ya chombo kimoja. Aliyeniuzia alinihakikishia wameshachanjwa. Walipofika wiki ya tisa nikamwona mmoja anachechemea. Kesho yake asubuhi nikamkuta kalala, mguu mmoja kaunyoosha mbele, mwingine nyuma, kama aliyepiga msamba akashindwa kuinuka. Macho yanaona, kichwa kizima, njaa anayo, ila hafiki kwenye chombo. Waliowahi kufuga wameshajua: mahepe. Na chanjo haikuwahi kuwagusa.

Ndani ya wiki sita nilizika 23. Mmoja nilimpasua nione kwa macho yangu. Ini lilikuwa limevimba limejaza tumbo, lina mabaka ya kijivu. Mshipa wa fahamu wa paja, ambao kwa kuku mzima ni mweupe, mwembamba, una vimistari vinavyong'aa ukiuelekeza kwenye mwanga, kwa huyu ulikuwa mnene, wa manjano, vimistari vyote vimepotea.

Lakini 37 hawakuguswa. Walilala kwenye pumba zilezile na kuvuta vumbi lilelile la manyoya, na kirusi cha mahepe husafiri kwenye vumbi hilo. Kwa nini hawa?

Kila seli ya mwili, iwe ya kuku, ya kobe au ya nyoka, huvunja protini zilizomo ndani yake kuwa vipande vidogo, kisha huvipandisha juu ya utando wake vionekane kwa nje. Kinachobeba kipande ni molekuli iitwayo MHC. Mimi huifikiria kama kiganja kilichokunjwa kidogo: kina mfereji katikati, na kipande hukaa humo. Seli nyeupe aina ya T hupita zikipapasa kiganja kimoja baada ya kingine. Zikikuta kipande cha kawaida cha mwili, zinaendelea na safari. Zikikuta kipande cha kirusi, seli ile huuawa kabla haijamwaga virusi wengine.

Umbo la mfereji huo linaandikwa na jeni, na jeni za MHC ni miongoni mwa zinazotofautiana kuliko zote kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kiganja cha kuku huyu kinashika vipande ambavyo cha jirani yake hakiwezi kuvishika. Kirusi kikiingia na vipande vyake havikai kwenye mfereji wa kuku fulani, kuku huyo ana jeshi zima lakini hakuna wa kulionyesha adui alipo.

Kwa kuku jeni hizi zimekaa kwenye kromosomu ya 16, kromosomu ndogo mno. Mwaka 1999 Jim Kaufman na wenzake walichapisha usomaji wa sehemu hiyo: herufi za DNA 92,000, jeni 19 tu. Kwa binadamu eneo hilo lina herufi karibu milioni 4 na jeni zaidi ya 200. Tena kuku ana jeni mbili tu za kutengeneza viganja vya daraja la kwanza, yaani vya namna hii niliyoeleza, na moja, iitwayo BF2, ndiyo inayobeba karibu mzigo wote. Sisi tunazo tatu zinazofanya kazi kwa nguvu, na kwa kuwa tunarithi kwa baba na kwa mama, mtu anaweza kuwa na viganja sita tofauti. Kuku anabaki na kimoja kila upande. Ndiyo maana kwa kuku unaweza kuitazama aina ya jeni na kukisia nani ataanguka. Wenye aina iitwayo B21 wanajulikana kwa kuhimili mahepe. Wenye B19 wanajulikana kwa kuangushwa nayo.

Nitashuka na reptilia pia, maana huko kuna kisa cha nyoka ambacho kilinifanya nisilale. Maswali karibu.

#2 Tetea wa Asubuhi

Naweka kambi hapa. Pole sana kwa hao 23, najua uchungu wake.

Swali la haraka mkuu: kama B21 inajulikana, kwa nini tusitafute majogoo wa B21 tu, tuzalishe, tuachane na hii habari ya kuzika kuku kila mwaka?

#3 Mchimba Jeni

Ahsante Tetea. Nami swali langu la kwanza lilikuwa hilohilo, na ilinichukua muda kukubali kwamba jibu ni hapana.

Kiganja cha B21 kina mfereji mpana, kinashika vipande vya namna nyingi sana. Viganja vya B4 na B15 ni vichaguzi, vinataka kipande chenye umbile maalumu, kingine hakikai. Sasa angalia mizani iliyopo: kile kinachoshika chochote hupandishwa kwa uchache juu ya seli, na kile kichaguzi hupandishwa kwa wingi. Mwaka 2015 kundi la Kaufman liliandika juu ya hili, na wazo lao ni kwamba hawa wa kwanza ni kama fundi anayejua kidogo cha kila kazi, na wale wa pili ni kama fundi wa kazi moja. Fundi wa kazi moja akikutana na kazi yake, humwezi. Akikutana na nyingine, mikono mitupu. Kwa hiyo B21 ni nzuri kwa mahepe. Hakuna anayekuhakikishia kwamba ndiyo nzuri kwa ugonjwa utakaokuja mwakani.

Halafu kuna hili, na naomba tulikalie. Kirusi nacho kinazaliana na kubadilika, haraka kuliko kuku. Ukijaza banda kwa aina moja ya jeni, umekipa kirusi kufuli moja tu la kujifunza kulifungua, na kikishalifungua kimefungua mabanda yote. Aina iliyo adimu ina nafuu kwa sababu ya huo uadimu wake, vimelea havijaizoea. Ikishakuwa ya kila mtu, nafuu inayeyuka. Mchezo huu wa kupokezana ni moja ya sababu zinazofanya matoleo mengi ya jeni hizi yadumu pamoja vizazi na vizazi badala ya moja kushinda na kufuta mengine.

Mwaka 2008 kulichapishwa utafiti mkubwa uliolinganisha kuku wa biashara na kuku wengine wa sehemu mbalimbali za dunia. Ilionekana kwamba koo safi za kuku wa biashara zimepoteza nusu au zaidi ya matoleo ya jeni yaliyokuwepo kwa kuku kabla ya kuchaguliwa kwa mayai na nyama. Utafiti ule ulitazama DNA yote, si MHC peke yake. Hatukukusudia kutupa jeni za kinga. Tulikuwa tunatafuta mayai, zikatoka mlango wa nyuma.

Kuhusu chanjo: chanjo ya mahepe humzuia kuku asiugue na kufa, lakini haimzuii kubeba kirusi na kukieneza. Mwaka 2015 Andrew Read na wenzake walionyesha kwamba aina kali za kirusi, ambazo zingemuua kuku asiyechanjwa kabla hajawaambukiza wengi, huweza kusambaa kutoka kwa kuku waliochanjwa kwa sababu wao wanaendelea kuishi. Silisemi hili ili mtu aache kuchanja. Chanjeni, mimi sikuchanja na nimeona. Nalisema kwa sababu linaonyesha kwamba chanjo na jeni zinafanya kazi pamoja, na ukiegemea moja tu, ile nyingine inakudai.

#4 Bata Maji

Nondo hizi mkuu. Mimi nafuga bata na kuku pamoja. Mafua ya ndege yakisikika, kila mtu anasema bata ndiye anayeleta. Kuku wanakufa kwa siku mbili, bata anatembea tu. Hii nayo ni MHC?

#5 Mchimba Jeni

Hapa MHC tuiweke kando kidogo, maana kuna kinga inayofika kabla yake.

Ndani ya seli kuna protini za ulinzi ambazo hazijui kirusi kwa jina, zinajua tu kwamba RNA ya namna ya virusi, molekuli inayobeba maandishi ya jeni zao, haitakiwi kuwepo pale. Moja inaitwa RIG-I. Ikiigusa RNA ya kirusi cha mafua, inapiga king'ora papo hapo na seli inaanza kutoa interferoni, protini za kuonya seli za jirani, na majirani wanajifungia milango. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba bata anayo RIG-I na kuku hana. Jeni yenyewe imepotea katika ukoo wake. Wakachukua RIG-I ya bata wakaiingiza kwenye seli za kuku zilizokuzwa maabara, na seli zile zikapunguza kuzaliana kwa kirusi cha mafua.

Kuku hajaachwa mtupu kabisa, anayo protini nyingine ya jamii hiyo iitwayo MDA5 inayojaribu kuziba pengo. Lakini kwa mafua pengo linaonekana. Na bata usimwamini moja kwa moja, zipo aina za kirusi cha mafua cha H5N1 ambazo zimeua bata pia. Kuwatenganisha ni lazima, hasa maji ya kunywa.

Tofauti hii si ile ya #1. Kule tulizungumza kuku na kuku mwenzake kutofautiana. Hapa ni ukoo mzima wa ndege kuwa na jeni au kutokuwa nayo. Utofauti uko kwenye ngazi zote mbili, na watu wakichanganya ngazi hizi ndipo mabishano yasiyoisha yanapoanza.

#6 Maabara Usiku

Habari wanajamvi. Nafanya kazi ya kusoma DNA ya wanyama, siyo kuku. Naomba niongeze mawili.

Kwanza, tuwe waangalifu na neno "hana". Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba ndege hawana jeni ya TNF-alfa, ambayo ni moja ya ishara kuu za uvimbe na homa kwa wanyama. Watu walijenga nadharia juu ya kutokuwepo kwake. Mwaka 2018 ikaelezwa kwa kuku. Ilikuwepo siku zote. Imejaa herufi za G na C, na mashine za kusomea DNA za wakati ule zilikuwa zinaruka sehemu za namna hiyo. Kwa RIG-I ya kuku ushahidi wa kukosekana ni mzito zaidi, lakini nikisikia "ndege hana jeni fulani" siku hizi huuliza kwanza imetafutwaje.

Pili, msimchukulie kuku kama ndege wote. Ana MHC fupi, safi, iliyopangika. Ingia kwa ndege wadogo waimbaji uone. Yule wa matete wa Ulaya, *Acrocephalus schoenobaenus*, amekutwa na matoleo hadi 65 ya daraja la kwanza ndani ya ndege mmoja. Ndege mmoja! Nakala zimerudufishwa tena na tena, zinafanana mno, nyingine zimekufa na hazifanyi kazi. Ukisoma DNA yake kwa vipande vifupi ni kama umepewa kurasa zilizochanwa za vitabu 65 vinavyofanana, uambiwe uvipange upya. Nimekaa usiku kucha na faili kama hizo. Mashine mpya zinazosoma vipande virefu ndizo zilizoanza kutuokoa.

#7 Kobe Mpole

Mimi ni wa reptilia, nimesubiri kwa adabu. Kwanza niwekeni sawa: kwa nini ndege na reptilia wanawekwa uzi mmoja? Pili, kisa cha nyoka kiko wapi?

#8 Mchimba Jeni

Maabara, ahsante sana, hiyo ya TNF nitaikumbuka kila nikitaka kuandika "hana".

Kobe, kuwatenganisha ndiko kungehitaji maelezo. Mamba yuko karibu zaidi na njiwa kuliko alivyo karibu na mjusi. Ndege na mamba walitoka kwenye babu mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 240 hadi 250 iliyopita, wakati ukoo wa mijusi na nyoka ulikuwa umeshachepuka. Mtu akitaka kujua MHC ya kuku ilipunguka lini ikawa fupi vile, lazima amwangalie mamba na kobe. Wote hawa, kwa mfano, wana kingamwili iitwayo IgY, ile ambayo mama kuku huipakia kwenye kiini cha yai ili kifaranga azaliwe na akiba.

Sasa nyoka. Kusini mwa Uswidi, mahali paitwapo Smygehuk, kuna ukanda mwembamba wa majani kandokando ya bahari, umezungukwa na mashamba. Kipiri wa Ulaya, *Vipera berus*, walikuwa wamefungiwa humo bila kuweza kukutana na wenzao wa kwingine. Thomas Madsen na wenzake waliwafuatilia tangu miaka ya 1980. Majike walikuwa wanazaa watoto wafu na watoto wenye ulemavu kwa kiwango cha kutisha, madume wapya hawaingii, idadi inashuka mwaka hadi mwaka. Ukiwapima, utofauti wao wa jeni ulikuwa mdogo sana.

Mwaka 1992 wakaleta madume 20 kutoka kundi kubwa lenye afya, wakawaachia pale. Hawakubadilisha majani, hawakuongeza chakula. Misimu minne ya kupandana ikapita, madume wanane waliobaki hai wakarudishwa kwao. Nyoka huchukua miaka kukomaa, kwa hiyo mwanzoni kwa hesabu ya madume huoni kitu, inaendelea kushuka tu. Jaribu kuwa mtu yule anayekwenda ufukweni kila masika kuhesabu nyoka na kila masika wamepungua. Kisha wale waliozaliwa na baba wageni wakaanza kukomaa, na kufikia 1999 idadi ya madume ikaruka juu. Walipopima MHC yao ya daraja la kwanza, utofauti ulikuwa umerudi.

Niwe mkweli hapa, kwa sababu kisa hiki hutiwa chumvi. Damu mpya ilileta utofauti kwenye jeni zote, si za kinga tu. MHC ilitumika kama kipimo. Huwezi kusema ni jeni za kinga pekee zilizowaokoa wale kipiri, na mapacha wenye ulemavu hawakuwa ugonjwa wa kuambukiza. Lakini dawa ilikuwa ni madume 20 tu.

Mengine ya reptilia kwa haraka. Mijusi na nyoka wamepoteza kabisa aina moja ya seli za T, zile za gama-delta, jeni zake zimekatika. Hilo lilionyeshwa kwa kulinganisha jenomu, yaani DNA yote, za reptilia mbalimbali, na tuatara wa New Zealand, anayefanana na mjusi lakini ni ukoo wa peke yake, bado anazo. Kwa kasa, jenomu zilizochapishwa 2023 zilionyesha kwamba kasa wa kijani ana jeni nyingi zaidi za MHC kuliko noa, yule kasa mwenye gamba la ngozi, na zaidi za kunusa pia. Noa ana utofauti mdogo wa jeni kwa ujumla, na inaonekana ndivyo alivyokuwa tangu zamani, si kwa sababu ya wavuvi wa juzi.

Na moja ambalo si jeni ila siwezi kuliacha. Reptilia kwa kawaida hatengenezi joto lake. Miaka ya 1970 Matthew Kluger na wenzake waliwaambukiza iguana wa jangwani, aina ya mijusi, bakteria wakawapa nafasi ya kuchagua joto. Waliougua walihamia penye joto zaidi. Walipolazimishwa kukaa penye baridi, wengi walikufa. Walioachwa kwenye joto la juu, wengi walipona. Jeni zilezile, bakteria walewale. Kwa hiyo Kobe, wa kwako akiugua, kabla ya yote angalia joto la mahali alipo.

#9 Kobe Mpole

Hao madume wanane waliorudishwa kwao wamenigusa. Ahsante. Ila "mapacha"? Ulimaanisha watoto?

#10 Mchimba Jeni

Watoto, ndiyo. Kidole kimekimbia. Siwezi tena kurekebisha #8, asomaye asome "watoto wenye ulemavu".

#11 Bado Sijashawishika

Nimesoma yote. Heshima kwenu, lakini kuna kitu hakikai.

Kule visiwa vya Chatham, New Zealand, kuna ndege mdogo mweusi ambaye mwaka 1980 walibaki watano. Watano dunia nzima, na jike aliyekuwa anazaa ni mmoja, maarufu kwa jina la Old Blue. Wote waliopo leo, mamia, ni uzao wake. Nimesoma kwamba MHC yao ya daraja la pili, kundi jingine la viganja hivyo, haina utofauti kabisa. Na wanaishi! Sasa kama utofauti ndio kila kitu, hawa ilitakiwa wawe wamekwisha.

#12 Mchimba Jeni

Hoja nzuri kuliko zote za uzi huu, na nakubali ukweli wake wote. Utafiti uliowalinganisha na jamaa zao wa Kisiwa cha Kusini cha New Zealand ulionyesha hivyohivyo: idadi ikishuka kiasi hicho, bahati inashinda. Ndege watano wanabeba walichobahatika kubeba. Uteuzi wa asili, hata uwe unaupenda utofauti namna gani, hauwezi kurudisha toleo ambalo halipo tena.

Ila kuishi leo si sawa na kuwa tayari. Wale wanaishi kwenye visiwa vidogo vya baharini, mbali, penye magonjwa machache. Hawajaulizwa swali bado. Waliowahi kuulizwa wapo Hawaii. Mbu aina ya *Culex quinquefasciatus* alifika kule mwaka 1826 na meli, na baadaye ikaja malaria ya ndege. Ndege wa pale walikuwa hawajawahi kuiona tangu ukoo wao uanze. Yule mwekundu, ʻiʻiwi, katika jaribio la miaka ya 1990 kuumwa na mbu mmoja tu mwenye vimelea kuliua karibu ndege tisa kati ya kumi. Spishi nyingi zilipotea, zilizobaki zikakimbilia milimani penye baridi, ambako mbu alikuwa hafiki.

Lakini mmoja, ʻamakihi, akaonekana tena nyanda za chini. Siyo kwamba malaria iliondoka, wengi wao wanayo kwenye damu. Wanaishi nayo. Katika kundi lake walikuwepo wachache waliokuwa na uwezo huo, hao wakazaa, na uzao wao ukashuka mabondeni. ʻIʻiwi hajafanya hivyo.

Jingine liko Marekani. Mwaka 1994 ndege wa mashariki aina ya *Haemorhous mexicanus* walianza kuonekana wamefumba macho, yamevimba na kutoa usaha. Ilikuwa bakteria ya kuku, *Mycoplasma gallisepticum*, imeruka kwenda kwa ndege wa porini. Waliokufa ni wengi mno. Watafiti baadaye wakachukua ndege wa Alabama, ambao kundi lao lilikuwa limeishi na ugonjwa ule zaidi ya miaka kumi, na wa Arizona ambao hawakuwahi kuuona, wakawaambukiza wote bakteria ileile. Wa Alabama walidhibiti bakteria vizuri zaidi. Miaka kumi na kitu tu. Uwezo huo uteuzi haukuutunga siku ile, uliukuta kwa baadhi yao.

Kwa hiyo nikijibu hoja yako moja kwa moja: ndege mweusi wa Chatham anaweza kuendelea kuishi miaka mia bila tatizo. Sitaki ushahidi upatikane.

#13 Bado Sijashawishika

Hiyo ya Hawaii sikuijua. Nimeelewa unapolalia. Jina langu nitalibadilisha kesho.

#14 Tetea wa Asubuhi

Na wenyewe ndege hawawezi kujichagulia? Namaanisha jike amtafute dume mwenye jeni tofauti na zake.

#15 Maabara Usiku

Baadhi inaonekana wanafanya, na wanatumia pua, jambo ambalo zamani watu walikataa kabisa kwa ndege. Kuna ndege wa baharini wa kusini mwa dunia, *Halobaena caerulea*, anayerudi kwenye shimo lake usiku wa giza kwa kunusa. Wenza wao wametofautiana MHC kuliko ingekuwa ni bahati tu, na katika jaribio walionyesha kutofautisha harufu za wenzao kwa MHC.

Kule Shelisheli, kisiwa cha Cousin, yupo kidege wa kahawia, *Acrocephalus sechellensis*, aliyebaki chini ya 30 miaka ya 1960. Jike mwenye mume wa MHC isiyo na utofauti mwingi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa na dume wa nje, na yule wa nje huwa na utofauti zaidi ya mume. Kwa kidege huyohuyo, toleo moja la MHC limehusishwa na kuishi muda mrefu zaidi. Kwa tuatara walitafuta pia, wakapata dalili hafifu tu. Kwa hiyo si sheria ya wote.

Kwa kuku wa bandani Tetea, jike hana uchaguzi. Uchaguzi ni wako unapoleta jogoo.

#16 Kobe Mpole

Mchimba, wale 37. Uliwafanyia nini?

#17 Mchimba Jeni

Kuna tetea mmoja kati yao, ana kidoa cheusi kwenye mdomo. Yeye alilala ubavuni mwa yule wa kwanza kuanguka, usiku wote wa ugonjwa, mpaka nilipomtoa. Hakuchechemea hata siku moja. Kwa mwaka wa kwanza sikuleta jogoo yeyote kutoka uzao uleule. Nilitafuta wawili, kila mmoja kutoka kwa mfugaji asiyejuana na mwenzake, nikagawa majike makundi mawili.

Sijui ana B21 au ana nini, sijawahi kumpima, na sikumfanya mama wa banda zima. Nilichukua mayai kwa majike 15 tofauti, machache kwa kila mmoja, hata kwa wale wanaotaga vibaya. Vifaranga wote walichanjwa siku waliyoanguliwa, mimi nikiwa nimesimama pale nikimwangalia mchanjaji akishika sindano. Wa kidoa alitoa saba. Wanne wana miguu ya manjano, watatu ya kijivu, na mmoja kati ya hao watatu ana kidoa.